Mkunga Aliyejua Umri wa Nyota

Jina alikuwa nalo, lakini sitaliandika. Kwetu Handeni tulimwita Mkunga tu, na ukisema Mkunga hakuna aliyekuuliza yupi. Wakunga wengine walikuwapo. Hao ndio waliokuwa na majina.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vidogo kama vya msichana wa miaka kumi. Vidole hivyo ndivyo vilivyotupokea karibu sote, sisi na waume zetu. Mwanamume akijitia ukali njiani, Mkunga alisimama, akamtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akamwambia, "Wewe, punguza sauti. Mimi nilikushika ukiwa umelowa." Jumbe mwenyewe, aliyekuwa akitembea na fimbo ya serikali, aliambiwa maneno hayo sokoni, na watu wakainamia vikapu vyao ili wasionekane wanacheka.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwanamke akilia kwa uchungu alimwambia, "Lia, lakini usizibe njia. Mwenzio anataka kupita." Mtoto akishatoka ndipo sauti yake ilipobadilika. Kwa mtoto alizungumza polepole, kwa adabu, kama anayempokea mgeni aliyetembea siku nyingi. Nimezaa watoto sita, wawili wa kwanza mikononi mwake, na mimi sikuambiwa pole hata mara moja. Watoto wangu waliambiwa karibu.

Nilimheshimu, lakini zaidi nilimwogopa, na sikuwa peke yangu. Siku zile Mwingereza alikuwa anatawala na bendera yake iko bomani, lakini desturi za nyumbani ziliendelea chini kwa chini. Mojawapo ilikuwa ya meno. Mtoto akianza kuota jino la chini, huyo ni mtoto. Akianza la juu ni kigego, na kigego ilisemekana hula watu: atakufa baba, au mama, au ndugu zake, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kigego hakukaa. Alichukuliwa na wanawake wazima asubuhi, akapelekwa porini, na wanawake walirudi bila yeye. Bomani wakiuliza, jibu lilikuwa moja kwa nyumba zote: homa.

Na aliyetangaza jino alikuwa Mkunga. Mtoto akifika miezi ya kuota meno, aliitwa, akaja, akatia kidole kinywani, kisha akagonga ufizi kwa ukingo wa kijiko cha kibuyu. Jino likiwapo, kijiko kililia kidogo. Akisema, "La chini," vigelegele vilipigwa. Akisema neno lile lingine, hapakuwa na kelele yoyote. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Ndiyo maana wanawake wa kwetu walimpenda siku ya kuzaa, na baada ya miezi sita wakaanza kubadili njia wakimwona.

Sasa, mtu huyuhuyu alipenda nyota.

Si kwa namna ya mganga. Kwetu nyota ilikuwa kazi ya mganga: ukitaka kuoza binti unapeleka jina lake na la mamaye, na la kijana na la mamaye, naye anapiga hesabu zake akakwambia nyota zao zinapatana au zinagombana. Mkunga alimcheka. "Anazisema nyota kila siku," alisema, "na hajui hata zinakula nini."

Yeye alijua. Elimu hiyo aliipata kwa Mzungu mmoja wa kupima ardhi, aliyepiga hema kilimani nje ya mji kiangazi kimoja, na kiangazi kilichofuata akarudi. Mzungu huyo alikuwa na chombo cha miguu mitatu, akitazamia nyota ili ajue yuko wapi. Jambo hilo lilituchekesha sana. Mtu yuko Handeni, kila anayepita anamwambia yuko Handeni, yeye anaziuliza nyota.

Mkunga alikuwa anamfulia. Jioni akipeleka nguo zilizokauka alimkuta anatega chombo chake, na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mpishi, na mpishi alipenda usingizi. Basi akamweleza Mkunga. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na Mkunga akikiiga tulishika mbavu: "Mama, nyota iko zaliwa. Nyota iko kula. Nyota iko zee. Nyota iko kufa kabisa."

Sisi tulicheka. Yeye alisema siku ile aliposikia kwamba nyota inazaliwa aliweka nguo chini, akauliza kama mkunga: inachukua muda gani, na nani anaipokea?

Mzungu akamwambia hakuna wa kuipokea. Kuna wingu kubwa la vumbi na moshi huko juu, linajikusanya lenyewe, linajibana, linapata joto, mpaka siku inafika linawaka. Muda wake ni miaka isiyo na hesabu.

"Nikamwambia," Mkunga alisema, "Bwana, uchungu wa miaka yote hiyo! Akanielewa. Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo nilizopiga pasi."

Tangu hapo kila mtu kijijini alipata nyota yake. Akizaliwa mtoto mkubwa, mwenye sauti ya kutikisa dari, majirani walifurahi, Mkunga akanyamaza. Alisema nyota kubwa ina kuni nyingi lakini moto wake hauna kiasi. Inazimaliza mapema, kisha inapasuka kwa kishindo, na kila mtu anashangaa kana kwamba hakuonywa. Akizaliwa mtoto mdogo, wa kufunikwa kwa kiganja, mama analia, Mkunga alimwambia, "Nyamaza. Hizi ndogo zinakula kuni kwa mkono wa kubana. Haka katatuzika sote."

Mume wangu alikuwa akikata mkonge katika shamba moja karibu na Korogwe, na alijulikana kwa kumaliza mistari ya watu wawili kabla jua halijawa kali. Mkunga aliponiona sokoni akaniambia, "Mumeo ni ile nyeupe. Anakula kuni za kesho."

"Mkunga, usimlaani mume wangu."

"Simlaani. Mwambie apumzike."

Hakupumzika, na alizikwa akiwa babu wa wajukuu kumi na wawili. Kwa hiyo msidhani kila alichosema kilikuwa kweli. Nayaandika kama yalivyokuwa.

Alisema pia kwamba watu hudhani chekundu ndicho kikali, lakini mwulize mhunzi: chuma kikiwa chekundu bado ni baridi, kikiwa cheupe ndipo usogee mbali. Kwake mzee anayefoka hakuwa wa kuogopwa. Alimwogopa kijana anayenyamaza. Kilimia, zile nyota zilizorundikana ambazo sisi tulizijua kwa kupandia mahindi, alisema ni watoto wa wingu moja, wamezaliwa juzi. "Hata meno hawajaota," alisema, akacheka peke yake. Kisha akaonyesha nyota moja nyekundu inayokuja nyuma ya Kilimia, akasema, "Na yule ni bibi. Kuni za katikati zimekwisha, sasa anachoma za pembeni. Anavimba."

Mambo yake hayakukaa pamoja. Alimcheka mganga, lakini kila mtoto aliyempokea alimfunga uzi mweusi mkononi. Nikamwuliza, "Kwani nyota nazo zinafungwa uzi?" Akajibu, "Nyota hazina mama mkwe." Alisema kifo ni kitu cha kawaida, hata nyota zinakufa, vumbi lake linatawanyika na kuingia katika wingu jingine, zinazaliwa nyingine. Lakini hakwenda mazikoni. Akipita karibu na makaburi ya watoto aligeuza uso kabisa, kama mtu anayepigwa na moshi.

Na kulikuwa na neno moja alilolisema mara moja tu mbele yangu. Mzungu alimwambia kwamba nyota ziko mbali mno, na mwanga wake unasafiri kama mtu anavyosafiri, hata nyingine tunaziona kumbe zimeshakufa zamani. "Kwa hiyo inakutazama," Mkunga alisema, "na haipo." Ilikuwa saa moja ya jioni, watu bado wanapika. Aliingia ndani akafunga mlango.

Sikuelewa. Nilielewa mwaka nilipompata Zaina.

Zaina ni mtoto wangu wa pili. Baba yake alikuwa mkongeni, mimi nimebaki Handeni na mama mkwe, tunalima. Mtoto akafika miezi saba. Siku moja namnyonyesha, nikahisi kitu. Nikamfungua mdomo mlangoni penye mwanga. Ufizi wa chini ulikuwa laini, mwekundu, mtupu. Wa juu ulikuwa umevimba, na katikati pana weupe kama punje ya mchele chini ya ngozi.

Nikamfunga mdomo kwa kanga.

Tangu saa hiyo niliacha kumchekesha mwanangu. Aliyemchekesha nilimchukia. Mtoto akitaka kupiga mwayo nilimgeuza ukutani. Nilimbeba mgongoni tangu asubuhi hadi jioni, nikipika naye, nikichota maji naye, ili mtu asimpakate. Sikulala vizuri, maziwa yakapungua, naye akalia zaidi, na kila akilia kinywa kilikuwa wazi.

Mama mkwe hakuwa mjinga. "Mkamwana, mtoto huyu ana nini?"

"Mafua, mama."

"Mafua ya siku nane?"

"Yanakuja na kurudi."

"Amefika miezi ya meno. Nimemwita Mkunga, anakuja kesho kutwa asubuhi. Dada zangu nao watakuja."

Nikasema vema. Ningesema nini?

Mkunga hakungoja siku hiyo. Kesho yake alasiri, mama mkwe akiwa uani kwa jirani wanapura maharage, alitokea mlangoni na kigae mkononi, anasema amekuja kuomba moto. Nyumba yake ilikuwa na moto siku zote. Aliweka kigae chini, akanawa mikono kwa majivu mara tatu mpaka kiwikoni, akanyoosha mikono. "Nipe."

Nikampa. Mpaka leo sijui kwa nini. Alitia kidole, akakizungusha, akatulia juu. Halafu akashuka chini, akabonyeza, akatulia muda mrefu zaidi.

"Nani ameona?"

"Hakuna."

"Mama mkwe wako?"

"Bado."

Akakaa na mtoto mapajani. Nilidhani ataniambia maneno ya kujiandaa, kama wanavyofanya. Badala yake akaanza habari za yule Mzungu, na mimi nikataka kupiga kelele.

"Nilimwuliza jambo," alisema. "Mara tatu nilimwuliza, maana nilidhani Kiswahili hakijamfika. Nikamwambia, Bwana, je, na ile inayoanza vibaya? Inayowaka upande kabla ya upande? Inayochomoza pasipo pake? Hiyo inafanywaje? Akaniangalia. Akasema, 'Fanya nini, mama? Nyota iko. Wacha iko.'" Alimfuta Zaina udenda kwa ncha ya kanga yake. "Huko juu ni wengi kuliko mchanga, na wana miaka isiyohesabika, na hakuna hata mmoja aliyetupwa kwa namna alivyoanza. Hata mmoja. Mimi nimetupa wanne."

Nikamwambia, "Wanne gani?"

Akawataja. Hawakuwa na majina, aliwataja kwa mama zao. Wa tatu alikuwa wa mwanamke niliyekuwa nikienda naye kisimani kila siku. Mwanamke huyo aliniambia mtoto wake alikufa kwa homa, nami nilimpa pole.

Nisiseme uongo: sikumwonea huruma Mkunga. Nilitaka kumnyang'anya mwanangu. Nilimwacha naye kwa sababu sikuwa na mtu mwingine.

Akatoa wembe mpya, bado uko katika karatasi yake. "La chini liko karibu sana, nimelisikia. Ngozi tu inalizuia. Nitalifungulia mlango litangulie. Shika kichwa. Ukilegea nitamkata ulimi."

Nilishika kichwa cha mwanangu kwa mikono miwili. Alipolia, kilio kilitoka nje kikavuka ua. Mama mkwe akapaza sauti kutoka kwa jirani, "Kuna nini huko?"

"Mafua!" Mkunga akajibu.

Alifuta damu kwa pamba, akanipa maji ya chumvi, akachukua kigae chake. Akaondoka bila moto.

Asubuhi iliyofuata wakaja. Mama mkwe, dada zake wawili, na mwanamke mmoja mzee wa ukoo. Walikaa kwenye mkeka, miguu wameinyoosha, na hakuna aliyeuliza hali ya mtu. Nilimpakata Zaina. Mkunga akaingia, akasalimiwa shikamoo na wote, akanawa, akachutama mbele yangu. Macho yake hayakukutana na yangu.

Kidole kikaingia. Kijiko kikagonga.

"La chini," Mkunga akasema.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. "Mimi sikusikia mlio."

"Masikio yako yamezeeka. Yangu yako kidoleni."

"Gonga tena."

Akagonga tena. Safari hii kililia, ti, kidogo sana. Kama lilikuwa jino au ukucha wake mwenyewe, mimi sijui, na sikumwuliza.

Mama mkwe akasema, "Mbona ufizi umevimba hivyo? Mbona mama yake anatetemeka? Nipe nami nitie kidole."

Nilimhisi Zaina anavuta pumzi ili alie, na akilia kinywa kitakuwa wazi, na la juu lilikuwa limeshatoboa alfajiri ile. Nilimwona mzee wa ukoo anasogea mbele kwenye mkeka.

Mkunga akainuka, akampisha. "Tia," alisema. "Majivu yako pale, nawa mara tatu mpaka kiwiko. Na ukishatia, kazi hii ni yako. Kuanzia leo. Mwanao Mwanahawa ana mimba ya miezi minane, na nyonga zake ni nyembamba, na wa kwanza alimpoteza. Huyu wa pili utampokea wewe."

Mama mkwe alitazama majivu. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, mikubwa, ya jembe, akaigeuza juu na chini.

"Nani kasema simwamini Mkunga?" akasema. Akapiga kigelegele yeye wa kwanza, kikavu, na wengine wakafuata.

Mkunga alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka njia panda, kama adabu ilivyotaka. Alisema huku akitazama mbele, bila kugeuka, "Mimi nimewapa siku mbili. Siku ya tatu mtoto atacheka mbele ya mtu. Mumeo yuko Korogwe anafanya nini huko bila mke?"

Nilimwambia mama mkwe kwamba mwanawe ametuma salamu, ananitaka, mwenyewe mgonjwa. Nilipanda lori la mahindi na watoto wawili na kapu. Ndani ya lori kulikuwa na mama mmoja mchangamfu, akanyoosha mikono, "Lete nikupokee mtoto, nimchekeshe." Nikamwambia hapana. Aliniita mwenye maringo mpaka tulipofika.

Kambi ya mkonge ilijaa watu waliotoka pembe zote, manamba wa Songea, wa Burundi, Wamakonde, kila mmoja na miiko yake, na miiko hiyo haikuwa yangu. Jirani yangu wa Kimakonde alimfungua Zaina mdomo akapiga makofi. "Aa, sungura!" Hiyo ndiyo hukumu aliyopewa mwanangu.

Mume wangu sikumwambia. Nilikaa mwaka mzima. Siku niliyomwambia alikuwa ametoka kazini, ananawa utomvu wa mkonge mikononi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekufa?"

"Hujafa."

"Basi nipe chakula."

Ningependa kuandika kwamba na mimi nilikuwa jasiri hivyo. Sikuwa. Kila baba Zaina aliposhikwa na malaria, kila mtoto mwingine alipokohoa, macho yangu yalikwenda kwenye meno ya Zaina kabla ya kwenda kwa mgonjwa. Nilimlisha kama wengine, nilimvika kama wengine, na nilikuwa namhesabia. Huo ni ukweli wangu, na alipokuwa mtu mzima nilimwambia mwenyewe.

Miaka minane ikapita. Mwingereza alikuwa bado yupo, ingawa watu walishaanza kusema kwa sauti kwamba ataondoka. Nikasikia Mkunga ameletwa Kilole, hapohapo Korogwe, kwa binti wa kaka yake, ili awe karibu na hospitali. Nilimchukua Zaina tukaenda kwa miguu.

Alikuwa ameegemea ukuta kitandani. Miguu yake ilikuwa imevimba ikawa kama ya mtu mwingine, imeazimwa. Macho mekundu, mashavu yamejaa. Mikono ile midogo ilikuwa imefura mpaka vidole havikukutana.

"Umeniona?" alisema kabla sijakaa. "Navimba. Mzungu alisema huvimba kwanza, ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa ujanani, nyekundu, watu wakadhani imenenepa. Kisha yote yanapeperuka, inabaki kidonge cheupe kama mtama, kinapoa taratibu. Mimi nasubiri kidonge."

"Unaumwa sana, Mkunga?"

"Siumwi. Nazeeka kwa utaratibu."

Zaina akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Cheka."

Zaina akanitazama, akaona haya, akacheka. Mkunga alijivuta mbele, akakitazama kinywa kile muda mrefu. Meno ya utoto ya mbele yalikuwa yameshang'oka, mapya yamekuja makubwa yamepangana.

"Yale ya kwanza yako wapi?"

"Niliyatupa juu ya paa, bibi."

"Vizuri. Nenda ukacheze nje."

Mtoto alipotoka, Mkunga aliutazama mlango. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kwenu wamekufa wangapi?"

"Hakuna."

"Baba yake?"

"Yuko kazini."

"Ndugu zake?"

"Wote wazima. Nimeongeza wengine wawili."

"Mama mkwe wako?"

"Anapura maharage mpaka leo."

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata mmoja." Nikadhani atafurahi. Alifunga macho, na machozi yakatoka pembeni, polepole, yakapita kwenye mashavu yale yaliyojaa. "Basi wale wanne," alisema. Hakumaliza.

Nilikuwa nimekuja na neno la shukrani, nimelibeba miaka minane. Nikaona si mahali pake. Nikakaa. Nje Zaina alikuwa anaimba na watoto wa nyumba ile.

Baada ya muda Mkunga alifungua macho, na yalikuwa yale ya zamani, ya kuamuru. "Kule kwetu Handeni, nyumba ya tatu kutoka kisimani," alisema. "Kuna msichana ameolewa pale mwaka jana. Mtoto wake ana miezi saba. Mama yake mzazi alikuja hapa juzi kuniona, akalia, akataja siku ya kugonga na mkunga atakayekuja, basi. Nikajua. Wameshaagiza mkunga mwingine aje kugonga, na huyo mwingine ni mtu wa kusema kweli."

"Lini?"

"Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. "Mkunga, mimi si mkunga."

"Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha. Aliishika, akaigeuza, akabonyeza ncha za vidole kimoja kimoja.

"Mikubwa," alisema. "Itatosha."

Nikamwambia ukweli wangu. Nikirudi kule nitaulizwa kwa nini nilikimbia. Mama mkwe yupo, dada zake wapo. Wakijua nilichokwenda kufanya, watarudi nyuma miaka minane, watamkumbuka Zaina na kinywa chake, na kila kaburi lililochimbwa kijijini tangu hapo litakuwa lake. Nilisema yote hayo. Hakunibishia. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wanawake wakilia, mpaka nikaishiwa.

"Lori la asubuhi linatoka saa ngapi?" akauliza.

Zaina nilimwacha kwa jirani yule wa Kimakonde. Nilifika Handeni jua likiwa limeinama, nikapita nyuma ya nyumba ya mama mkwe bila kubisha. Msichana yule alikuwa ndani kwake peke yake, hakuzidi miaka kumi na saba, amekaa pembeni kabisa ya chumba, mtoto kifuani, kanga imezungushwa usoni pa mtoto mara mbili. Aliponiona akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Nimetumwa na Mkunga," nikamwambia. "Kanga iondoe."

Alinitazama mikono, na wembe mpya niliokuwa nao. Akaniuliza kama nimewahi kuifanya kazi hii.

Nikamwambia sijawahi, na amshike kichwa barabara.